Umekuja Mombasa kikazi? Mwongozo kamili wa jioni za katikati ya wiki

Watu wengi wakija Mombasa kwa kazi, iwe ni semina ya siku tatu ama kufuatilia kontena bandarini, wanamaliza mitingi saa kumi na moja wanarudi hotelini wanawasha eisi wanalala na laptopu kifuani, halafu wakirudi Nairobi au Kampala wanasema aah, Mombasa ni joto tu. Si kweli. Ni vile jioni ya hapa ina ratiba yake na haimngojei mtu: inaanza alasiri jua likipoa, inapanda mpaka magharibi, inatulia kidogo watu wakiswali, inaamka tena baada ya isha, na ikifika saa nne usiku siku ya kazi sehemu nyingi za mji washaanza kukunja meza. Ukiijua hiyo ratiba hata jioni mbili zinakutosha kula vizuri, kutembea na kuona watu. Huu mwongozo ni wa Jumatatu mpaka Alhamisi, wikendi ni hadithi nyengine kabisa.

Hatua ya 1: Jua unalala upande gani wa maji

Hii ndo ya kwanza na ndo kubwa kuliko zote. Mombasa mjini ni kisiwa. Kaskazini unatoka kwa daraja la Nyali unaenda Nyali, Kongowea, Bamburi, Shanzu hadi Mtwapa. Magharibi unatoka kwa Makupa unaenda Changamwe, uwanja wa ndege na Miritini kwa treni. Kusini pale Likoni hakuna daraja la magari, ni feri. Sasa jioni kisiwa kizima kinatoka kazini wakati mmoja, na kuanzia saa kumi na moja mpaka kama saa moja na nusu foleni ya kuvuka Nyali inakaba kutoka Buxton, pale kisiwani kabla ya daraja, ukishavuka ukidhani umepona unakuta Kongowea nayo imeshonana, matatu zimesimama katikati ya barabara zinaita abiria, na eisi ya gari ya Uber dereva kaizima ati inakula mafuta.

Kwa hivyo kanuni yangu ni jioni moja, upande mmoja. Ikiwa hoteli iko Nyali na mitingi imeishia mjini, usikimbilie daraja saa kumi na moja kama wengine, baki mjini, kula, tembea, vuka saa mbili usiku na utateleza. Ukilala mjini na una mwaliko Nyali, toka saa kumi. Kujaribu Mji wa Kale na Bamburi jioni moja ni kujitafutia kuona bampa za magari usiku kucha.

Waliowekwa Diani na ofisi zao, poleni. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayozunguka kutoka Miritini hadi kusini bila kugusa feri, kilomita ni nyingi zaidi lakini ukiwa na gari jioni mara nyingi ndo inakufikisha bila presha, hasa kama unatoka upande wa Changamwe ama uwanja wa ndege.

Hatua ya 2: Vua koti, weka chenji

Suti iache ofisini. Unyevu wa hapa haujali umekuja kusaini mkataba gani, na kati ya Januari na Machi hata ukitoka kuoga unatoka jasho ukijifuta. Shati jepesi, viatu vya kutembea, na kwa akina dada wanaopanga kupita Mji wa Kale chukua leso ama mtandio wa kufunika mabega, hakuna atakayekufukuza usipofanya hivyo lakini utapokelewa tofauti, na kaptura fupi kwa mwanamume pale Kibokoni pia haipendezi.

M-Pesa inafanya kazi karibu kila mahali, mpaka muuza mihogo ana namba yake ya till kwa kibao. Lakini kuwa na noti za hamsini na mia na sarafu kiasi, kwa sababu kahawa ya barazani ni pesa ndogo sana na kumtolea mzee elfu moja ni kumuonea.

Usafiri ndani ya kisiwa ni tuktuk, basi. Ya kukodi mjini kwa mjini inacheza kati ya mia na mia mbili, mkubaliane bei kabla hujakaa, na ukisikia mia tano jua lafudhi yako ishakusaliti. Uber na Bolt zipo na zinafaa zaidi usiku ukienda mbali.

Hatua ya 3: Jioni ya kwanza nenda Lighthouse, usibishane

Nikiambiwa nimpe mgeni jioni moja tu, ni hii. Mama Ngina Drive iko kwenye ncha ya kisiwa upande wa Kizingo, watu wa hapa tunapaita Lighthouse tu, mwambie hivyo dereva wa tuktuk. Palifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya sikukuu ya Mashujaa mwaka wa 2019, pakawekwa njia za kutembea na viti, wengine wanasema pamepoteza ile ladha ya zamani, mimi nasema mibuyu iko pale pale na upepo ni ule ule.

Fika saa kumi na moja na nusu. Kwanza tafuta dafu. Usiseme tu "nipe dafu", mwambie unataka la maji au lenye nyama, yeye atayagonga gonga kwa ubapa wa panga mpaka apate. Akikupa ambalo nyama imeshakuwa ngumu hilo ni koroma, mrudishie kwa upole. Ukimaliza maji mpe alipasue, atakuchongea kijiko kwa ganda lake lile lile, panga moja tu, na ndo unakwangua nyama laini ya ndani nayo. Usiondoke bila hiyo, watu wengi wanakunywa maji wanatupa utamu.

Kisha muhogo. Kuna wa aina mbili na usizichanganye: ule wa kuchoma au kukaanga vipande virefu unapasuliwa katikati unapakwa pilipili ya unga na chumvi halafu ndimu inakamuliwa juu, na kuna kachiri, yaani muhogo uliokatwa mwembamba kama karatasi unaoingia kwenye karai ya mafuta mbele ya macho yako. Kachiri nunua zile zinazotoka karaini sasa hivi, si zilizofungwa kwenye mifuko tangu asubuhi. Mama atakuuliza "nitie pilipili?" na hapo ujijue. Ukisema "kidogo" hapa Mombasa kidogo ni nyingi.

Ukikaa ukuta wa bahari utaona meli zikiingia Kilindini, na hii nakwambia hata kama hupendi meli utasimama. Mlango wa bahari pale ni mwembamba, kwa hivyo limeli la makontena linapita karibu mno, limeongozwa na tagi, yaani boti ndogo ya kuvuta meli, unaweza kusoma jina lake na kuona mabaharia wamesimama juu wanakuangalia na wewe unawaangalia. Kama umekuja kwa mambo ya kliaringi utajikuta unatafuta kontena lako kwa macho.

Jambo moja ambalo wageni hukosea: wanakuja Lighthouse kuona jua likizama baharini. Hii bahari iko mashariki jamani, jua linazama nyuma yako, upande wa bara. Kinachotoka baharini ni mwezi. Ukipata bahati safari yako iangukie mwezi kumi na nne au kumi na tano, subiri pale baada ya magharibi uuone ukichomoza mwekundu juu ya maji, na familia zote zilizopaki magari zinanyamaza kidogo kisha watoto wanaanza kelele upya. Anayetaka jua lenyewe avuke aende Nyali upande wa English Point, pale unatazama kisiwa, na jua linashukia nyuma ya Mji wa Kale.

Ukitaka kukimbia au kutembea kwa mazoezi pia ni hapa hapa. Wenyeji wengi wako pale na raba zao saa kumi na moja jioni.

Hatua ya 4: Jioni ya pili, Mji wa Kale kwa miguu

Hapa saa ndo kila kitu. Fort Jesus inafungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo kama mitingi imeisha saa tisa kimbia, kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa hivyo weka simu chaji, na saa moja na nusu inatosha kuona kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga 1593, vyumba vya Waomani na yale mabaki ya meli waliyoyatoa baharini. Usipowahi wala usijali, nje ni bure, zunguka ukuta ushuke upande wa bahari uone vile ngome imekaa juu ya jiwe la matumbawe.

Kutoka hapo ingia Ndia Kuu. Nenda polepole, angalia milango ya nakshi na roshani za mbao, kuna Jahazi Coffee House njiani ukitaka kukaa na laptopu kidogo kwenye mito, mbele zaidi msikiti wa Mandhry ambao ni wa karne ya 16 na mnara wake mweupe, halafu unatokea bandari ya zamani. Usipige picha za watu bila kuomba, hasa akina mama na wazee. Salimia. Hiyo ni nusu ya safari. "Assalaam aleikum" inafungua njia hata kama wewe si Muislamu, na mzee ni shikamoo, si "niaje".

Adhana ya magharibi ikilia, ambayo mwaka mzima hapa inacheza baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro, utaona maduka yanafunga nusu mlango na wanaume wanaelekea misikitini. Huo ndo wakati wa wewe kukaa chini. Wakitoka, baraza zinajaa. Tafuta mzee wa kahawa, utamjua kwa dele la shaba juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Unamwambia "Ami, nipe kimoja," unakaa benchini na wengine bila kuuliza ni ya nani. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, ndo maana kando kuna kashata ya njugu au ya nazi, unang'ata kidogo unapiga funda. Ukimaliza unamrudishia kikombe anakujazia, na ukitaka kuacha unasema basi. Usitoe simu. Sikiliza. Utasikia siasa za kaunti, bei ya samaki, nani kaoa, timu gani imefungwa, na baada ya kikombe cha pili mtu atakuuliza umetoka wapi na unafanya kazi gani, na usishangae ukipata pale msaada wa ile barua unayoihangaikia ofisini wiki nzima, manake kuna jirani ambaye binamu yake yuko kitengo hicho hicho.

Chakula. Kibokoni Road baada ya isha ina moshi wa mishkaki na harufu ya viazi karai, na hapo pia pana Island Dishes kwa wanaotaka kukaa mezani wale wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ukitaka kuku wa tikka na naan, au shawarma, Tarboush iko upande wa Makadara na watu wanakula mpaka nje. Mimi ningeanzia barabarani: viazi karai vinne na chatne ya ukwaju, kisha mishkaki na mkate wa mofa, kisha juisi ya miwa iliyosagwa na ndimu na tangawizi, ukishindwa hapo basi mezani huendi tena. Supu ya pweza ukiona kijana ana sufuria na kundi la wanaume wamemzunguka, hiyo ndo, na maneno watakayokwambia kuhusu faida zake uyachukue kwa kicheko.

Pombe Mji wa Kale hakuna, usiulize. Na ikishafika saa nne hivi vichochoro vikapwaya, toka barabara kubwa uchukue tuktuk.

Hatua ya 5: Ukiwa na wateja au bosi

Kuna jioni ambayo huwezi kumkalisha mkurugenzi kwenye ukuta na muhogo, ingawa nimeona wakurugenzi wakifurahia hiyo kuliko mvinyo. Kwa jioni ya heshima vuka Nyali. Tamarind imekaa juu ya mkono wa bahari na unaona Mji wa Kale ng'ambo, ni ya samaki na kamba na bei yake ni ya kulipiwa na kampuni, weka nafasi mapema na uombe meza ya nje. English Point Marina iko jirani, unakaa karibu na maboti, panafaa pia kwa watu wanaotaka kinywaji kimoja na mazungumzo ya biashara bila muziki wa kupasua masikio. Fika kabla ya saa kumi na mbili uwahi mwanga. Na mualike mtu kwa saa kumi na moja ukijua yeye pia atakwama darajani, Mombasa ukiambiwa "niko hapa Buxton" agiza kinywaji cha pili.

Hatua ya 6: Feri kama burudani

Watu watakucheka lakini mimi nampeleka kila mgeni. Kwa mtu wa miguu feri ya Likoni ni bure, kuvuka ni dakika chache tu, unaenda na kurudi. Unasimama pembeni na upepo unakupiga na umati wa watu, baiskeli, mikokoteni ya mboga, matrekta, kila kitu kinaingia tumbo moja. Jioni mapema watu ni wengi mno wanarudi Likoni, kwa hivyo simu na pochi mfukoni mbele, usitoe kupiga picha, na usiende usiku mkubwa. Asiyependa msukumano aache, hakosi usingizi.

Hatua ya 7: Mpira, baa na wale wa Mtwapa

Baa za kawaida kisheria ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, ndo ile sheria ya pombe watu wanayoiita ya Mututho, hotelini ni tofauti. Jumanne na Jumatano za Ligi ya Mabingwa ndo usiku wa katikati ya wiki wenye kelele kuliko zote, mechi kubwa zinaanza saa nne usiku au saa tano kutegemea msimu wa saa za Ulaya, na usishangae kuona baraza zima limehamia mbele ya televisheni ya kinyozi. Ukitaka filamu iko Nyali Cinemax. Mtwapa ndo mji wa usiku, kila mtu atakwambia, lakini ni mbali, na ukiwa na mitingi saa mbili asubuhi utajuta barabarani ukirudi. Ngoja Ijumaa.

Usalama kwa ufupi: ufukweni giza likiingia usiende, iwe Nyali au Pirates, hata kama mko wawili. Daraja la Nyali usilivuke kwa miguu usiku. Pale Mwembe Tayari kwenye mabasi ya safari, ukishashuka ondoka. Simu usiishike mkononi kwenye tuktuk lililo wazi kando.

Hatua ya 8: Ikiwa umekuja Ramadhani

Geuza kila kitu. Mchana hoteli nyingi ndogo za chakula mjini zimefungwa na mitingi za alasiri watu wamechoka, usipange jambo zito saa tisa. Lakini kuanzia saa kumi barabara zinajaa meza za futari: kaimati, vitumbua, mkate wa sinia, sambusa, mahamri na mbaazi, tende. Nunua, ila usile ukitembea mpaka adhana ilie. Mtu akikualika kufuturu kwake nenda, na usiende mikono mitupu, tende au matunda yanatosha. Baada ya swala ya tarawehe mji unakesha, maduka yako wazi usiku, na ile saa nne niliyosema watu wanakunja meza, mwezi huu ndo wanaanza kuzipanga.

Hatua ya 9: Jioni ya mwisho, zawadi na treni

Biashara Street ndo ya leso na vikoi, na duka nyingi zinafunga mapema kuelekea saa kumi na mbili, kwa hivyo hii ni ya kufanya kabla ya kitu kingine chochote. Ijumaa mchana usiende, wako msikitini mpaka kama saa nane. Leso zinauzwa kwa jozi, soma jina lililoandikwa kabla hujamnunulia mama mkwe, kuna majina ya mafumbo yanaweza kuleta kesi nyumbani, muulize muuzaji atakusaidia huku anacheka. Vikoi shika kitambaa, mkono utakwambia. Bei inashuka ukisalimiana vizuri, haishuki ukianza na "mwisho ngapi". Viungo na iliki ziko hapo karibu sokoni Marikiti.

Kama unarudi na treni ya usiku, stesheni ni Miritini si mjini, tiketi ushaikata kwa *639# siku kabla manake zinaisha. Kuna ukaguzi wa mizigo mrefu na mbwa wananusa mabegi, kwa hivyo fika saa moja na nusu kabla ya treni kuondoka, na ukitokea kisiwani ongeza muda wa malori ya Changamwe ambayo hayana saa. Kula mjini kabisa kabla ya kutoka. Njiani beba achari ya embe na mabuyu, na mabuyu nunua mifuko miwili, wa kwanza hautafika Mtito Andei.